Tinkcha na Chungu cha Mdaa

Mjukuu na mume wangu Musa,

Sie huku Temeke hatujambo, mamako anakusalimu. Umeuliza kama zamani tuliijua hiyo tinkcha, dawa ya vidonda mnayofundishwa chuo cha uuguzi.

Enzi za Mwingereza nilijikata mguu, na bibi yangu akamkatalia dresa, mfunga vidonda wa zahanati, aliyekuja na dawa hiyo: "Ina spiriti. Pombe haimgusi mtoto wangu!"

Dresa hakubishana. Akasema asili ya neno tinkcha ni kutia rangi: utomvu wa mti hulowekwa kwenye spiriti mpaka uachie rangi na nguvu yake.

Bibi akakitazama chungu chake, alimokuwa akichemsha mizizi ya mdaa kutia rangi ukili wa mikeka. Kisha akanishika mguu mwenyewe, dresa akanipaka dawa.

Kidonda kilipona. Naye mpaka anakufa, akikibandika chungu kile, alituambia, "Msinisumbue, napika tinkcha."

Bibi yako akuombeaye,
Zuhura