Kinene, Ua la Vilima vya Mawe

Jumamosi, 19 Aprili 1952

Mvua tangu alfajiri. Temeke yote tope. Nimetoka ofisini nikiisukuma baiskeli badala ya kuipanda!

Nimemkuta mke wangu Kokuberwa amechuchumaa uani mbele ya mmea wake, Kinene. Hakugeuka. Nikainama nami — kumbe shina limelainika. Ukilibonyeza, kidole kinazama. Majani yote chini.

Kinene ni jina alilompa mwenyewe, kwa sababu ya lile shina, nene chini kama chupa. Alimng'oa angali mchanga kwenye mawe pembeni mwa kaburi la mtoto wetu, tulipokuwa tunahama Dodoma. Kwenye treni alimpakata njia nzima, kamfunga kwenye khanga. Abiria wakadhani mtoto. Tukawaacha wadhani.

Apolonia wetu alikuwa ndiyo kwanza ameanza kukaa peke yake. Homa ikamchukua.

Jumapili, 20 Aprili

Aliyemwozesha Kinene ni Bi Chausiku, mwenye nyumba wetu. Kumbe kila asubuhi kabla hatujaamka humwagia Kinene kopo zima la maji! Anasema alimwona mnyonge, akamhurumia. Leo alipomwona Kokuberwa analia, naye akaangua kilio. "Mwanangu, mie nilidhani namlisha!"

Nani atamkasirikia? Kokuberwa ndiye aliyembembeleza.

Jumatatu, 21 Aprili

Kazi yangu ni kubandika mimea mikavu kwenye karatasi na kuandika vibandiko: jina, mahali, udongo. Leo nimefungua kabati la ndugu zake Kinene. Kila kibandiko kinasema yale yale — mwamba, kokoto, miezi bila mvua, ua huja majani yakishapukutika. Nilikuwa naandika tu. Leo nimesoma kama mtu anayesoma cheti cha daktari.

Nikamwuliza Bwana Mkubwa. Akasema: kata palipooza pote mpaka nyama nyeupe, mwache akauke kivulini, mpande kwenye kokoto. Utomvu wake sumu, nawa mikono.

Aliakbar mwenye duka la kona anajenga stoo. Nikamwomba kokoto. Akajaza debe mwenyewe, akauliza ni za nini. Nikamweleza. Akaongeza na mkaa wa kusaga, upakwe kwenye kidonda.

Kokuberwa ameshika, mie nimekata. "Polepole, Baba Apolonia," akasema. "Polepole."

Alhamisi, 26 Juni

Yuko hai! Shina gumu kama goti. Bado hana jani hata moja.

Bi Chausiku haruhusiwi kumkaribia na kopo. Anamsalimia kwa mbali.

Ijumaa, 8 Agosti

Vichomozo vitatu kwenye ncha. Si majani. Kokuberwa aliviona kwanza, akanivuta mkono mpaka uani, sabuni ingali usoni mwangu.

Ofisini amefika mgeni, mtaalamu wa maua kutoka Uingereza. Tunamwita Memsabu wa Maua. Anatandaza akina Kinene wote juu ya meza.

Jumatatu, 11 Agosti

Limechanua. Moja. Waridi pembeni, kati karibu jeupe. Vile vingine viwili bado.

Na leo leo, ofisini, ubishi! Bwana Mkubwa anasema hawa wa Dodoma ni aina ile ile ya kaskazini. Memsabu anasema hapana — hawa majani yao yana vinyweleo, na anahisi koo la ua ni tofauti, nyuzi zake za ndani ni ndefu zaidi. Lakini ua likikauka koo linakunjamana, hakuna anayeweza kuapa. Angelipata moja bichi, lenye kujulikana limetoka wapi! Na meli yake inaondoka mwisho wa mwezi.

Mie nimesimama pale na gundi mkononi. Nitasemaje? Si langu.

Jioni, tunakula ndizi, nikamsimulia Kokuberwa. Akaacha kula.

"Mbona hukumwambia?"

"Ni wa Apolonia."

Nikadhani nimemuumiza. Mara akasema, kama aina yake haijapewa jina basi wanamwita kwa jina la wengine. Si vizuri mtu kuitwa kwa jina la wengine. "Aje. Lakini aje hapa. Kinene haendi ofisini."

Jumanne, 12 Agosti

Nimemwambia Memsabu. Kijasho! Karani kumwalika mzungu uani Temeke! Bwana Mkubwa alikohoa. Memsabu aliuliza tu ni saa ngapi mke wangu atapenda aje.

Jumamosi, 16 Agosti

Amekuja. Gari limekwama mchangani, akashuka akatembea. Mtaa mzima nje. Bi Chausiku amefagia ua tangu asubuhi na kuvaa doti mpya ya khanga.

Memsabu alipiga magoti kwenye mchanga ule ule. Alitazama kooni kwa kioo chake, muda mrefu. Akahema. Nyuzi ni ndefu. Lakini macho yake peke yake hayatoshi, akasema, lazima achukue ua moja, likae kabatini, wengine walione. Akaweka wembe mkekani. Hakuugusa. Akamtazama Kokuberwa.

Maua sasa ni mawili. La tatu kesho labda.

Kisha akauliza: limetoka wapi hasa? Kilima gani, udongo gani, kulikuwa na nini karibu? Nikafungua mdomo nijibu — nimeandika vibandiko vingapi maishani! Nikasema, Dodoma, mteremko wa mawe —

Kokuberwa akanishika mkono. "Acha, Baba Apolonia. Nitamwambia mwenyewe. Wewe nenda ndani."

Basi niko ndani, naandika juu ya kitanda, mlango wazi. Memsabu Kiswahili anakijua kidogo. Kokuberwa anasema taratibu, kila neno peke yake. Kaburi. Mawe tuliyapanga wenyewe. Anasema mtoto alikuwa na meno mawili ya chini. Hajawahi kumwambia mtu. Hata mie na yeye hatukuwahi kulizungumza.

Memsabu ameuliza kitu, sikukisikia.

"Apolonia," Kokuberwa anasema. Halafu tena, herufi kwa herufi, kama shuleni. A. P. O.

Penseli ya Memsabu inakwaruza. Wembe sijausikia bado.