Swali la Kisima cha Kwa Ndeto

Jumatatu, 3 Oktoba 1994. Mjini Wote

Chai ya rangi, maandazi mawili, moja la jana. Ofisini saa mbili kasoro. Nilikuwa nikipanga fomu za Septemba wakati Bwana Nzioki, ofisa wetu wa maji, alipotoka na karatasi kaishika kwa vidole viwili kama panya aliyekufa.

Swali la Bunge. La kwanza tangu Makueni ipewe wilaya yake. Mheshimiwa wetu anamuuliza Waziri wa Maji, na anataka jibu la maandishi: (a) Je, Waziri anafahamu kwamba kisima cha mashine cha Kwa Ndeto hakijatoa maji tangu mwaka wa 1991, na kwamba akina mama wanatembea saa mbili kwenda na saa tatu kurudi, kwa sababu kurudi kuna mzigo? (b) Atachukua hatua gani?

Nairobi wanataka rasimu ya jibu kufikia Ijumaa ya wiki ijayo. Nzioki kaniambia, "Mzee, wewe ndiye kumbukumbu ya ofisi hii. Andika." Nikavimba kichwa. Miaka hamsini na moja, karani wa maji tangu nikiwa na nywele, leo namwandikia Waziri.

Kwa Ndeto ni kwetu. Ndipo nyumba yangu ilipo. Hilo sikumwambia. Sijui kwa nini.

Swali limeandikwa vizuri, lazima niseme. Hasa pale pa mzigo.

Jumanne, 4 Oktoba

Faili ya Kwa Ndeto haipo. Iko Machakos, ama iko njiani kutoka Machakos, ama ilipotea wilaya zilipogawanywa. Kila niliyemuuliza ana jibu lake na analiamini.

Fomu za kila mwezi zipo. Nimezisoma zote. Safu ya "Hali ya mashine", mstari wa Kwa Ndeto: Inafanya kazi. Mwezi uliofuata: Inafanya kazi. Miezi thelathini na saba. Mwandiko ni mzuri sana. Mwandiko ni wangu.

Sasa nijieleze, ingawa hakuna anayeuliza. Injini ilikufa Septemba 1991. Mafundi wakang'oa kichwa chake kikapelekwa Machakos kutengenezwa. Mkubwa wa wakati ule akasema kitarudi baada ya wiki mbili, tusiwasumbue watu wa Nairobi kwa jambo la wiki mbili. Nikaandika Inafanya kazi. Mwezi uliofuata nikanakili fomu ya mwezi uliopita, maana ndivyo sote tunavyojaza. Unaweka ya zamani kushoto, mpya kulia, unanakili, unabadilisha tarehe. Mkubwa akahamishwa. Mimi nikaendelea kunakili.

Na kila Ijumaa nakwenda nyumbani, nanywa maji ya mtoni ambayo mke wangu amebeba mgongoni. Vitu hivi viwili havijawahi kukutana kichwani mwangu. Nashangaa. Kichwa si kikubwa hivyo.

Jumatano, 5 Oktoba

Nzioki kaona fomu akafurahi kama mtu aliyepona. "Basi jibu ni rahisi! Kinafanya kazi. Mheshimiwa amedanganywa."

Nilivuta karatasi. Nikaandika hivi: (a) Waziri hafahamu, kwa kuwa kumbukumbu za wilaya zinaonyesha kisima kinafanya kazi. (b) Kutokana na jibu la (a), sehemu (b) haizuki.

Haizuki! Neno la Bunge hilo. Nililisoma mara tatu. Aibu ni kwamba lilinipendeza.

Syombua, mpiga chapa wetu, alichukua rasimu akaisoma bila haraka. Akaniuliza, "Kwani Kwa Ndeto si ndiko unatokaga na ile mitungi mitupu kwa basi, kuja kujaza maji hapa?"

Nilimwambia apige chapa, asipige maswali.

"Sawa, Mzee Haizuki," akasema. Nadhani jina hilo litabaki.

Ijumaa, 7 Oktoba. Nyumbani

Nimechanganyikiwa kabisa. Niandike polepole.

Nimefika jioni. Kalekye, mke wangu, anaimba jikoni. Yeye ni katibu wa mwethya, kikundi cha akina mama wanaosaidiana kulima na kuchimba mitaro. Hajaimba tangu kiangazi kianze. Akanipakulia muthokoi, mahindi ya kukobolewa na maharagwe, hata kabla sijavua viatu.

"Baba Mwende, swali letu limefika Bunge!"

"Swali gani?"

"Asi! Si ile barua. Uliandika na mkono wako."

Nikakumbuka. Machi, baada ya chakula. Alitaka niandike barua kwa Mheshimiwa kwa sababu Kiswahili changu ni cha ofisi. Yeye akasema, mimi nikaandika, huku nikisikiliza habari redioni. Yeye ndiye aliyesema saa mbili kwenda na saa mbili kurudi. Mimi, kwa ujuaji wangu, nikamrekebisha: kurudi kuna mzigo, weka tatu. Mheshimiwa hakubadilisha hata neno.

Kwa hivyo swali niliandika mimi. Fomu niliandika mimi. Jibu nimeandika mimi. Barua imekwenda mpaka Nairobi ikarudi mezani kwangu, na mimi nikajikatalia mwenyewe.

Aliniuliza majibu huandikwa na nani. Nikasema watu wa Nairobi, watu wakubwa.

Jumamosi, 8 Oktoba

Nimekwenda kuona kisima. Ni mwendo wa dakika kumi kutoka mlangoni kwangu, na sijafika hapo miaka miwili. Nyumba ya pampu imejaa nyigu. Injini iko wazi juu, bolti nne zimesimama bila kitu. Mtu ameanika mahindi juu ya tangi.

Niling'atwa mara mbili, sikio na shingo. Nilistahili zaidi.

Kalekye alitoka saa kumi na mbili asubuhi na mtungi. Alirudi saa tano. Nilihesabu. Mbili kwenda, tatu kurudi. Nilikuwa sahihi Machi, hilo angalau. Alipotua mtungi, ukamba wa mzigo ulikuwa umeacha mstari kwenye paji la uso. Akaona sikio langu limevimba akacheka. "Ulikuwa unatafuta nini na nyigu, mzee mzima?"

Nikasema kuni.

Jumapili, 9 Oktoba

Kanisani. Akina mama wa mwethya walisimama mbele kutoa shukrani kwa ajili ya swali. Kalekye akaombea Mheshimiwa. Akamwombea Waziri. Halafu akasema, "Na yule ataandika jibu, Bwana, yeyote yule, mahali popote ameketi, mshike mkono wake aandike ukweli. Na kama ni mwoga, mpe nguvu."

Kanisa zima likasema amina. Mimi nilisema kwa sauti kuliko wote. Mzee wa kanisa akanigeukia, akadhani nimeguswa.

Sijawahi kuombewa hivyo, hata nilipougua malaria.

Jumatatu, 10 Oktoba

Sikukuu. Ofisi imefungwa. Nilitengeneza ua wa mbuzi ambao haukuwa umeharibika.

Jumanne, 11 Oktoba. Wote

Nimemwambia Nzioki. Yote, isipokuwa maombi. Alikaa. Akasimama. Akakaa tena.

"Mzee, unajua fomu hizi zina sahihi ya nani chini?"

Najua. Tangu tupate wilaya ni yake. Alikuwa akizitia sahihi kumi kumi, bila kusoma, kwa sababu aliniamini. Hilo lilinichoma kuliko nyigu.

Ana umri wa miaka thelathini na mmoja. Ana mtoto mchanga. Akasema tukiandika kisima kimekufa, Nairobi watauliza nani alidanganya miezi thelathini na saba, na atakayejibu atakuwa mimi, nikiwa nimebakisha miaka minne nistaafu. Na yeye pia. Tukiandika kinafanya kazi, hakuna atakayetuuliza kitu.

Yote aliyosema ni kweli. Ndiyo maana sielewi. Kwa kawaida kukiwa na njia mbili, moja hunuka. Leo zote zinanuka, sijui pua yangu ina nini.

Kafikiria, kisha akasema, "Gari linaenda Machakos kesho. Nenda uone hicho kichwa kiko wapi. Labda hata hakipo." Alitamani kisiwepo. Mimi pia, kidogo.

Jumatano, 12 Oktoba. Machakos na kurudi

Kipo.

Kiko stoo, rafu ya chini, kimefungwa gunia. Kilitengenezwa Novemba 1991. Kimengoja karibu miaka mitatu. Kina kibandiko kimefungwa kwa waya: KWA NDETO. KITENGENEZWE HARAKA. Mwandiko ule ule mzuri.

Mtunza stoo ni mtu mpole, anatafuna njugu. Nikamuuliza kwa nini hakukipeleka.

"Nipeleke wapi? Kila mwezi mnaniletea karatasi kwamba injini ya Kwa Ndeto inafanya kazi. Injini itafanyaje kazi bila kichwa? Nikajua mmepata kingine. Hiki nikakiweka akiba."

Nikamwambia nipe basi nikibebe.

"Aa, mzee. Siwezi kutoa kichwa cha injini nzima. Lete karatasi inasema ni mbovu."

Nikazunguka rafu mara mbili nikitafuta kosa katika maneno yake. Hayana kosa. Kisima hakipati kichwa kwa sababu kinafanya kazi, na hakifanyi kazi kwa sababu hakina kichwa, na katikati ya duara hilo nimekaa mimi na kalamu yangu.

Barua, fomu, jibu, kibandiko. Watu wanne tofauti, wote wana mwandiko wangu. Wa haraka kuliko wote alikuwa huyu wa kibandiko. Nilimpenda. Sijui alikwenda wapi.

Alhamisi, 13 Oktoba. Wote

Nimeandika jibu la pili.

(a) Ndiyo, Waziri anafahamu. Kumbukumbu za wilaya zilionyesha vingine kwa sababu karani aliyezijaza alinakili mwezi baada ya mwezi bila kwenda kuangalia, ingawa kisima kiko karibu na nyumba yake. (b) Kichwa cha injini kimeshatengenezwa na kiko stoo ya Machakos. Kitafungwa mara tu ombi litakapoandikwa.

Nikaweka na jina langu. Nikajaza na ombi la stoo, safu ya hali: Mbovu. Neno fupi. Nililiandika kama ninasaini talaka.

Nzioki alisoma akasema Waziri hawezi kutia sahihi habari za karani na nyumba yake. Akakata jina. Akakata nyumba. Akaacha "alinakili". Kisha akaweka majibu yote mawili mezani, la kwanza na la pili, akayatazama mpaka saa ya chakula. Nilitoka. Sikuweza kumtazama akitazama.

Ijumaa, 14 Oktoba

Bahasha imeondoka saa nne. Imefungwa gundi. Sijui ndani kuna lipi.

Nilimuuliza Syombua. Kanijibu, "Mzee Haizuki, nimeambiwa nipige chapa, nisipige maswali." Amelingoja neno hilo wiki nzima.

Baadaye akaniletea chai bila kuombwa. Haijawahi kutokea. Ni chai ya pongezi ama ya matanga, sikuweza kujua.

Jumamosi, 15 Oktoba. Nyumbani

Nimemwambia Kalekye. Alikuwa anachambua maharagwe. Hakuinua macho mpaka nilipofika kwenye maombi.

"Kwa hivyo ni wewe nilikuwa naombea?"

"Ni mimi."

"Mwoga yule."

"Yule."

Akaendelea kuchambua. Kisha akasema, "Miaka mitatu, Baba Mwende. Na ulikuwa unaoga." Hakulia, hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Jioni aliniwekea mtungi mlangoni, mtupu, na ukamba wake juu.

Jumapili, 16 Oktoba

Nimekwenda mtoni. Badala ya kanisa. Mwanamume wa miaka hamsini na moja, ukamba kichwani, watu wakitoka ibada. Mbili kwenda. Kurudi nne. Akina mama wa mwethya walinipita wakiimba, mmoja akaniuliza kama Waziri anafahamu.

Shingo haigeuki.

Jumatano, 9 Novemba. Wote

Nakala ya jibu la Waziri imefika. Nilimwomba Syombua anisomee, miwani ilikuwa na ukungu. "(a) Ndiyo."

Nikakaa. Akasoma lililobaki, sikusikia.

Nzioki alikuwa mlangoni. Akasema mtoto wake alilia siku ile ya Alhamisi wakati wa kuogeshwa, na maji yalikuwa machache, na akaona ni upuuzi kutuma lile jibu la kwanza. Kisha akanipa barua nyingine, ya jina langu, kutoka Nairobi. Nieleze kwa maandishi, ndani ya siku ishirini na moja, kwa nini nisichukuliwe hatua. Yeye amepata yake pia. Tumelinganisha. Yangu ndefu zaidi. Nimemwambia hiyo ni heshima kwa umri.

Jumamosi, 26 Novemba. Nyumbani

Kichwa kilifungwa jana. Nyigu wamehama. Injini ilikohoa, ikatoa moshi mweusi, ikashika. Maji ya kwanza yalikuwa mekundu kama chai, kisha yakatakata. Akina mama hawakushangilia sana. Walipanga foleni.

Nimejaza fomu ya Novemba mezani hapa. Sikuweka ya zamani kushoto. Nilipofika mstari wa Kwa Ndeto nilivaa viatu, nikaenda, nikaweka mkono kwenye bomba. Nikarudi nikaandika.

Barua ya kujieleza bado. Siku zimebaki nne. Nimeanza mara sita na kila mara inatoka kama jibu la Bunge.

Kalekye amemaliza kuosha vyombo. Maji mengi, ameosha hata visivyochafuka. Amezima redio, amevuta kiti, amenisogezea kalamu.

"Andika," amesema. "Leo usinirekebishe."