Sauti Nyuma ya Makofi

Kaka yangu,

Tu wazima, ila goti la Mama limeanza tena kununa. Fundi redio aliniazima jozi mbili za spika nizijaribu nyumbani: zilizowekwa dukani kwa maonyesho na zilizokwisha kutumika. Za maonyesho ziliishinda amplifaya yetu ndogo, zikatoa sauti yenye mafua. Nikaunganisha zilizotumika, nikaweka kanda iliyorekodiwa siku ulipoimba wimbo wako shuleni, ule ambao hujamsamehe Baba kwa kutokuja kuusikia.

Nyuma ya makofi nilisikia kikohozi cha Baba, kisha sauti yake: "Huyo wangu, bwana!"

Nikamwita. Alisikiliza amesimama.

"Nilikuwa mlangoni," akasema. "Viatu vilikuwa na tope la kazini."

Spika zilizotumika sizirudishi. Njoo usikie.

Mdogo wako