Wimbi Uliyonikataza

Shieywe, Kakamega
Jumapili, baada ya ibada

Mama yangu mpendwa,

Pokea salamu zetu kutoka huku mjini. Natumaini goti limekupa nafuu na kwamba kuku wako bado wanakutii. Mimi mwili uko sawa. Tafadhali barua hii uisome mwenyewe na miwani yako, usimpe wifi Dinah akusomee. Ndiyo sababu sikupiga simu; simu yako mtu akiongea, boma zima linasikia.

Nianze na mazuri, maana ni machache. Unakumbuka tulipohama Navakholo ili mwanao Wanyama awe mbali na wale wenzake wa kukata miwa na vilabu vyao vya pombe, nililia kwamba nitaishi vipi kwenye nyumba ya kupanga isiyo na hata pembe ya kupanda mboga ya sukuma. Basi mama mmoja wa kanisa letu, anaitwa Edah, akatufundisha kilimo cha jikoni. Unaloweka ndengu kwenye chupa, kesho yake unamwaga maji, unafunika na kitambaa safi, unasuuza asubuhi na jioni. Siku ya tatu zimetoa mikia myeupe na unazila hivyo hivyo. Mama, nilifurahi kama mtoto! Shamba langu likawa chupa tatu juu ya kabati. Wanyama alizipenda na kitunguu na ndimu, akitafuna na kunitania kwamba nimeolewa na sungura. Akanenepa. Miaka miwili hakugusa pombe, hata wazee wakampa ufunguo wa kanisa.

Sasa wewe unanijua, mimi ni mtu wa kukatazwa kimoja nikafanya viwili. Edah akasema wimbi ikichipua ni bora kuliko ndengu, inaongeza damu. Nilikumbuka ulivyonishika mkono siku ile tunahama, ukaniomba wimbi ya kuloweka isiingie kamwe katika nyumba ya mwanao. Wewe uliyepika busaa, pombe ya kimea cha wimbi, miaka ishirini ukiwasomesha wanao, kisha ukavunja mtungi wako mwenyewe siku Wanyama aliyookoka. Nilikumbuka vizuri sana. Nikajiambia wazee nao wamezidi woga, mwanamume mzima ataangushwaje na nafaka. Nikaloweka kilo mbili, nikaitia ndani ya gunia.

Siku ya pili harufu ikatoka. Unaijua kuliko mimi, ile tamu tamu ya unga uliolowa na majani mabichi. Wanyama alirudi kutoka kazini, akafika mlangoni akasimama, akageuka akaenda kukaa nje kwenye ngazi. Nilimcheka, Mama. Nilimuuliza tangu lini mtu akaogopa uji. Kesho yake nikamkuta anasuuza wimbi mwenyewe, na mimi mjinga nikaenda kujisifu kwa akina mama kwamba mume wangu siku hizi ananisaidia jikoni. Siku ya nne gunia lilikuwa tupu. Alikuwa ameipeleka yote kwa mama mmoja anayepika pombe huku nyuma, wakabadilishana na busaa iliyokuwa tayari. Alirudi anaimba zile nyimbo za shamba la miwa. Ufunguo wa kanisa walimnyang'anya wiki hiyo hiyo.

Hiyo ilikuwa Agosti mwaka jana. Alipougua tulikuambia ni vidonda vya tumbo. Si vidonda, tulikudanganya. Busaa haikumtosha, akaingia kwenye pombe kali ya chang'aa, na sasa tumbo limejaa maji na macho yamekuwa ya manjano. Daktari alisema ini limekwisha, nikae naye tu nyumbani. Nimefunga, nimeomba, nimelia mpaka nimechoka na sauti yangu mwenyewe. Hakuna kilichobadilika na sioni kitakachobadilika.

Lakini lililonifanya nishike kalamu ni jingine, na nimelizunguka kurasa mbili. Akikosa pombe anatetemeka, anajikokota hadi barabarani kutafuta ile chang'aa ya kuua watu. Mara mbili nimemuokota mtaroni. Kwa hivyo tangu mwezi uliopita anayempikia busaa ni mimi. Mimi, Nasambu wa kwaya! Chupa za ndengu nimezitoa kabatini. Gunia la wimbi linakaa hapo, na ninaisuuza asubuhi na jioni kama nilivyofundishwa. Ninamnywesha kikombe kidogo kidogo, akitulia ananishukuru. Hilo ndilo linaniua, Mama, ananishukuru. Edah aliingia siku moja, akanusa, akakumbuka ana haraka. Hajarudi.

Sikuombi msamaha, sina uso huo. Ninaomba kitu kingine na ninaona haya kukiandika. Wanyama anasema yangu ni chungu, haifiki ile yako ya alipokuwa mdogo. Pengine ninaunguza unga ninapoukaanga, au sianiki wimbi siku za kutosha. Niandikie ulivyokuwa ukifanya. Ukiweza kunitazama, basi njoo umpikie mwenyewe, lakini usikawie, maana daktari hakutaja miezi, alitaja wiki.

Msalimie Dinah, na majirani wote wanaotuulizia. Wao waambie bado ni vidonda vya tumbo.

Ni mimi, mke wa mwanao,
Nasambu