Kipande cha Bawa Juu ya Televisheni

Jumatatu, 3 Machi
Treni ya Croydon imechelewa tena. Chai baridi. Droni yetu imerudi nzima kutoka baharini. Kazi yake ni kupigwa na mizinga ya meli, wanamaji wajifunze shabaha. Wamepiga mchana kutwa, wamekosa. Programu ya kukwepa niliiandika mimi. Nimecheka peke yangu kwenye lifti kama mjinga.

Jumatano, 5 Machi
Meneja kaniita. Ijumaa kuna wageni wakubwa melini, na mteja hapendi kuaibika. Nipunguze mwendo wa droni, niondoe kukwepa. Mara hii tu, akasema. Watakaopiga watadhani wanajua kulenga. Nilijua hilo palepale, nikaitikia kwa kichwa kama mjusi. Kazi yenyewe haikunichosha hata kidogo.

Ijumaa, 7 Machi
Imetunguliwa mapema. Ofisini makofi na keki. Nimekula.

Jioni kapiga simu Kioko, mdogo wake mke wangu Mwende, mwanamaji. Kumbe leo zamu ya mzinga ilikuwa yake. "Shemeji, tumeitungua!" Mwende kashangilia mpaka jirani kagonga ukuta. Nikasema hongera. Mnafiki mimi.

Jumapili, 16 Machi
Kioko kaja kwetu Ilford kuaga. Meli yao inakwenda kule ambako droni za kweli zinarushwa, zenye mabomu. Mwende kapika muthokoi, mahindi ya kukoboa na maharagwe, kama kwao Machakos. Zawadi aliyotuletea: kipande cha bawa la droni ile, rangi ya machungwa, kina tundu. Kiliopolewa majini. Mwende kakitundika ukutani juu ya televisheni, kando ya picha ya harusi.

Tukiosha vyombo, Kioko kauliza kwa sauti ya chini: "Shemeji, wewe ndiye unayejua. Za adui nazo zinakwenda hivi hivi?"

Hapo ndipo nilipopaswa kusema ukweli. Alikuwa ameshika sahani ileile muda mrefu, anaifuta tu.

"Karibu hivyo hivyo," nikasema.

Kashusha pumzi. Kanishukuru. Nimejiona takataka.

Jumatano, 19 Machi
Nimeamka nimekata shauri: namwambia Kioko yote, hata nikifukuzwa kazi. Simu yake haipatikani. Nimejaribu kituoni, nimejaribu ndani ya treni, nimejaribu chooni ofisini. Mwende anasema wameondoka jana, na huko simu zinazimwa. Nimechelewa kwa uoga wangu mwenyewe.

Jumamosi, 22 Machi
Mvua. Mwende kakipangusa vumbi kile kipande. Kaniuliza mbona siku hizi nakaa kiti cha mlangoni. Nimemwambia ni mgongo. Ukikaa pale, ukuta ule hauonekani.