Bibi Mdogo

Ijumaa, 1 Machi

Dada yupo. Yupo kweli – viatu vyake viko mlangoni kwangu. Hatukuwa tumeonana tangu mimi na marehemu mume wangu tulipokimbia kwetu na mtoto mgongoni. Yeye alibaki. Kila nilichokipoteza, yeye anacho: kaburi la mama, majirani, hata lugha. Wajukuu wanacheka misemo yake na kuiiga. Yangu huisahihisha!

Jumapili nitampeleka mgahawani kwa Mchina. Pale ndipo tulipokula mshahara wa kwanza wa marehemu, na kila jambo la furaha tangu hapo. Pale mwenyeji ni mimi. Aone.

Jumapili, 3 Machi

Meza yetu ile ile, ya duara, karibu na tangi la samaki. Anko – mwenye mgahawa, wanangu wamemwita hivyo tangu wadogo – alileta samaki mzima wa tangawizi. Kwao kichwa huelekezwa kwa mkubwa wa meza. Miaka yote kimenitazama mimi. Leo akauliza, mkubwa nani? Dada akanyoosha mkono. Mwenyewe!

Kisha mjukuu akaita "Bibi!" tukageuka sote wawili. Kitinda, binti yangu wa mwisho, akakata shauri: huyu Bibi Mkubwa, huyu Bibi Mdogo. Wakapiga makofi. Anko, ambaye Kiswahili chake amekiokota mezani kwetu, akaniinamia kwa huruma. Alidhani ananong'ona. Pole Mama, sikujua marehemu alikuwa na wake wawili.

Meza nzima ikavunjika mbavu. Dada alicheka hadi machozi, akasema: "Ilibaki kidogo tu! Posa ya kwanza si ilikuja kwangu?"

Mbele ya wanangu.

Nikalizungusha lile sinia la kioo la katikati. Sahani ya tofu ikampita, kijiko chake kikabaki hewani. Nilifurahi. Mungu anisamehe, lakini nilifurahi.

Jumatatu, 4 Machi

Nimezaa, nimezika, nimezeeka – na leo nimekuwa mdogo.

Habari ya posa naijua. Dada alimkataa; hakutaka mume mwenye macho ya safari. Baba akasema, mdogo wake yupo. Nikapewa mume kama nilivyokuwa nikipewa magauni yake. Lakini gauni ukilivaa maisha yako yote, ukalitia viraka kwa mkono wako, nani tena wa kusema lilishonwa kwa kipimo chake?

Yeye. Tena kwa kicheko.

Alhamisi, 7 Machi

Nimerudi kutoka kliniki, nyumba tupu. Kumbe dada na mjukuu wapo kwa Anko. Bila mimi! Na Anko kamwingiza jikoni, kamfundisha kukunja viandazi vya nyama vya mvuke. Mimi sijawahi kulivuka lile pazia la shanga. Sijawahi kukaribishwa. Dada anashangaa: kwani uliomba? Eti mtu huomba tu.

Ameniletea kisanduku. Vimekunjwa ovyo, kimoja kama sikio la paka. Vitamu. Nimevimaliza.

Jioni Kitinda kapiga simu. Wanangu wamekubaliana: Mama Mkubwa asirudi, abaki kwangu moja kwa moja, chumba cha pili si kipo? Mtaliwazana, mama. Watamwuliza Jumapili, mezani kwa Mchina. Nimejibu tutaona. "Tutaona" ni "hapana" iliyovaa vizuri. Kitinda anaijua, nimemlea nayo.

Jumapili, 10 Machi

Naandika hapa hapa mgahawani, kwenye benchi nje ya choo. Nimewaambia nakwenda kunawa.

Wamemwuliza. Dada akaweka vijiti chini taratibu. Nilitegemea adakie. Badala yake akasema: nyumba ni ya mdogo wangu, aseme yeye. Macho yote kwangu. Tambi zinapoa.

Hapana ninayo ulimini. Hata maneno nimeyapanga: uliniachia mume, niachie na ujane wangu.

Amenifuata. Kasimama mbele yangu, mkoba kifuani kama abiria. Nikajua anakuja kuomba chumba – si ndiye wa kuomba tu? Hakuomba. Akatazama ukuta, akauliza kwa sauti ndogo ambayo sijapata kuisikia kwake:

"Hivi... alikuwa akikoroma?"

Dada yangu. Umri huu!

Jibu ninalo. Tena si la neno moja. Kitinda kachungulia, ananiuliza kwa nyusi. Dada hajamgeukia. Habari ya chumba kama kaisahau. Anangoja la kukoroma.

Benchi ni fupi. Nimesogea – kidogo.