Kitabu Ulichosema Nisianze Nacho

Jumanne. Mvua imenyesha asubuhi, sasa jua linachoma kama la kiangazi.

Mwanangu Ghati, salamu nyingi. Bibi yako anakusalimu, mguu umepungua kuvimba. Baba yako anakusalimu, amekwenda madukani kuuliza kama kuna barua. Kaka yako Mwita anakusalimu. Dada yako Nyangi anakusalimu, na mtoto wake ameota meno mawili, anatuuma sote. Mama Chacha jirani anakusalimu, anauliza kama huko Mwanza unakosomea uuguzi mnapewa viatu. Hata ng'ombe wako mwekundu amezaa, ndama jike. Mimi mama yako ni mzima.

Ila moyo si mzima.

Naandika humu daftarini, si kwenye karatasi ya barua. Barua mbili nimekwisha kutuma na hukujibu. Hii ya tatu ina jambo ambalo siwezi kumpa mtu wa posta alibebe.

Ulipoondoka uliniachia vitabu vitatu, umevifunga kwa gazeti, ukaniambia, "Mama, anza na yule mwandishi wa Tanga. Soma *Karani na Kuku Wake*, utacheka. Halafu kile chake cha pili, cha mpagazi. Huyu wa Pangani mwache mpaka nirudi, tumsome pamoja."

Sikukusikia.

Yule wa Tanga maneno yake ni mazuri lakini herufi zake ni ndogo kama punje za wimbi. Mimi nimesomea darasa la ubatizo tu, herufi ndogo hunikimbia. Huyu wa Pangani kitabu chake chembamba, herufi kubwa, na juu pamechorwa msichana ameshika kitambaa. *Kitambaa cha Zulekha*. Nikasema, huyu atanifaa.

Na kweli alinifaa, Ghati. Anaandika kama mtu aliyekaa jikoni na wewe. Anajua mama anavyochungulia njia huku anajifanya anapepeta. Sikujua kwamba watu wa siku hizi, walio hai, wanaweza kuandika hivyo. Nilidhani vitabu viliandikwa zamani vikaisha.

Basi tukawa kila mchana, tukipukuchua mahindi, nawasomea. Bibi yako na Mama Chacha hawajui Kiswahili vizuri, nasoma mstari kwa macho, natoa kwa Kikurya. Lakini jina la Zulekha halikukaa midomoni mwetu. Bibi akalalamika, "Huyo ni mtu au ni dawa ya mbuzi?" Mama Chacha akacheka mpaka mahindi yakamwagika. Msichana mwenyewe amekwenda mbali kusoma, ameacha mama nyumbani. Nikasema basi, tumwite Ghati.

Kwa mapenzi tu, mwanangu. Nilikuwa nakutaja kila siku. Ghati amepanda meli. Ghati amepata rafiki. Ghati anashona kitambaa cha kumletea mama yake. Ilikuwa kama unatuandikia. Bibi akawa anauliza hata asubuhi, "Ghati jana tulimwacha wapi?"

Wiki iliyopita, siku ya Alhamisi, Ghati akapata homa. Nikaona ukurasa unaofuata una mistari michache. Nilipaswa kufunga. Mdomo ulikuwa umeshazoea kwenda.

Nikasema kwa Kikurya, mbele ya mama mkwe wangu, mchana kweupe: Ghati amekufa.

Gunzi lilimponyoka Mama Chacha mkononi. Bibi yako hakupiga kelele. Aliinuka na ule mguu wake, akasimama mbele yangu.

"Mama Ghati. Jina hilo ni la mama yangu. Limeshazikwa mara moja. Nani kakutuma ulizike tena?"

Nikamwambia, "Mama, ni kitabu." Akasema, "Kitabu hakikusema Ghati. Umesema wewe."

Neno hilo nimelibeba siku tano sasa.

Mwalimu wa kanisa ameniambia hadithi ni hadithi, Mungu hasikilizi vitabu vya Pangani. Nimemwitikia. Lakini nikisaga, jiwe linasema lile neno. Nikiita kuku, sauti yangu naisikia ni ile ile ya Alhamisi. Jana Nyangi aliimba akitoka mtoni nikadhani ni wewe, nikakimbia mpaka kwenye ua, mikono ina unga. Nyangi alipouona uso wangu akaweka mtungi chini akaanza kulia, wala hajui analilia nini.

Barua yako ya mwisho ilikuja kabla hatujapanda mtama. Sasa mtama umefika magotini.

Leo asubuhi bibi yako ameniita. Tangu Alhamisi alikuwa hasemi nami ila kwa kupitia kwa Mwita. Akasema, "Rudisha jina. Kisome tena chote, huyo binti wa watu umwite jina lake. La kwetu litoke humo."

Nimeanza, mvua ikinyesha. Bibi ameketi mbele yangu kama hakimu. Kila nikisema Zulekha anarudia nyuma yangu, polepole, anatafuna jina la pwani kwa meno yake manne. Hatujacheka hata mara moja. Zulekha amepanda meli. Zulekha amepata rafiki. Zulekha anashona.

Tumefika kwenye homa. Ulimi ukaanza kusema Gha. Nikaufunga mdomo kwa mkono.

Bibi akasema, "Acha hapo."

Nimetia unyasi kwenye ukurasa huo, kitabu nimekiweka ndani ya kapu la mbegu. Mtu akiniuliza aanze na kipi, nitamwambia aanze na karani na kuku wake, amtii mwanawe.

Namwona baba yako anashuka njia ya madukani. Yuko mbali, sioni kama ameshika kitu.

Ghati, leta neno upesi. Mstari mmoja tu, hata kama ni wa kunigombeza. Hapa kuna binti wa watu anangoja kufa kwa jina lake, na mimi siwezi kumsomea mpaka nijue kwamba wewe u mzima.